Ugonjwa wa Bi Nyamizi

"Wamenasa!" alisema Bwana Kisanji, mwenye kampuni, akaipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika kwenye visosa. "Urambo nzima imenasa. Tazameni wenyewe."

Ukutani kulikuwa na mstari mwekundu. Kiangazi chote ulikuwa umelala chini, kisha wiki ile ukainuka ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Ulikuwa unaonyesha muda ambao watoto wa Urambo walikaa na Kibao, mashine yao ya gemu, kikiwa wazi mbele yao. Asubuhi kabla ya shule kiko wazi. Mchana wakirudi kula, kiko wazi. Jioni hadi wakubwa wafokee, kiko wazi.

Watu waliozunguka meza walishangilia. Tunu Kaombwe naye akatabasamu, maana mstari ule ulikuwa kazi ya mikono yake. Katika kampuni ile ya Ngano, pale Tabora, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa majukwaa. Aliamua gemu ichezwe kwenye mashine gani, iingie lini, na nani abaki nje. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi bila kukosa usingizi.

Ngano ilikuwa inaishi kwa gemu moja tu, Uani kwa Bi Nyamizi. Haikuwa na bunduki wala mashindano. Mtoto akiingia anamwamkia bibi, anatumwa maji, anafukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, na kazi zikiisha anategewa kitendawili. Ni hayo tu. Lakini bibi huyo alikuwa anakumbuka. Mtoto akimwambia leo kwamba jino linacheza, kesho ataulizwa habari za jino. Akikaa siku mbili bila kuonekana, ataambiwa, "Nilidhani umeolewa, mwenzangu!" Tena bibi wa nyumba hii hakuwa bibi wa nyumba ile. Kila Kibao kilikuwa na Bi Nyamizi wake, aliyekua pamoja na watoto wa mlango huo, akijua nani mwoga wa radi na nani anajificha asioge.

Tatizo lilikuwa Kibao chenyewe. Kilikuwa kitu cha bei ndogo, cha kuchajiwa kwa jua, kila nyumba ilikuwa nacho, na waliokitengeneza walishaacha kukitengeneza. Ile mashine kubwa ya Tabora, iliyowalisha bibi wote kumbukumbu zao kila siku, ilikuwa inaila kampuni nyama na mifupa. Mwisho wa mwezi ingezimwa, apatikane mnunuzi asipatikane. Hilo halikuwa na mjadala tena.

Wakaja wenye Taji. Hawa walikuwa wageni wa mbali, na Taji yao ilikuwa inavaliwa kichwani. Mtoto akiivaa hatazami tena uwani, anasimama uwani, anasikia harufu ya moshi na ya ng'ombe. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa mwenye mimba. Wenye Taji walikuwa tayari kuinunulia Ngano uhai wake, kwa sharti moja: Bi Nyamizi apatikane kwenye Taji peke yake, dunia nzima, pasiwe na mashine nyingine yoyote atakakoonekana.

Hapo ndipo ilipoingia Sheria ya Kuaga. Kampuni nyingine, zamani kidogo, iliwahi kumzima ndege wake wa gemu mchana mmoja bila kusema neno, na watoto wakakataa kula mpaka wodi zikajaa. Tangu hapo serikali ikaamuru kwamba kiumbe chochote cha gemu kilichokaa na watoto kisiondoke bila kuaga, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, yule aliyeiandika hadithi ya kuaga, akaape mbele ya hakimu kwamba hakuna hila ndani yake.

Hadithi hiyo aliiandika Tunu. Kwenye Kibao, Bi Nyamizi anaugua. Muuguzi anakuja, anampima, anawageukia watoto na kuwaambia kwamba iko hospitali inayoweza kumponya, na hospitali hiyo iko kwenye Taji. Kwenye Taji, Bi Nyamizi ameshakaa kitako anamenya viazi, mzima kama chuma.

"Si uongo," Tunu aliwaambia wanasheria. "Kule ni mzima kweli."

Urambo palikuwa mahali pa kujaribia kabla ya kupeleka ugonjwa nchi nzima. Keshokutwa yake wenye Taji wangefika kutia saini, na kabla ya saini, Tunu aende kwa hakimu.

"Na huu wa chini ni wa nini?" aliuliza Tunu.

Chini ya mstari mwekundu palikuwa na mwingine, mweupe, umejilaza sakafuni. Ulikuwa unaonyesha vidole, yaani mtoto anagusa mara ngapi, anasogeza nini, anafungua nini. Ulikuwa umekufa kabisa.

"Mashine haijasoma vizuri," alisema Bwana Kisanji.

"Kibao kiko wazi kutwa nzima na hakuna anayekigusa?"

"Dada Tunu, tunaye mgonjwa mmoja tayari. Usitutafutie wa pili."

Watu wakacheka. Tunu alicheka nao, lakini jicho halikutoka kwenye mstari mweupe. Kuku hawakufukuzwa. Maji hayakuchotwa. Sasa watoto hao walikuwa wanafanya nini mbele ya Kibao tangu alfajiri mpaka jioni?

"Mimi nitashika Biblia mkononi," alisema. "Siwezi kuapa juu ya kitu nisichokijua. Nipeni kesho niende Urambo."

* * *

Treni ya umeme ilimshusha asubuhi, siku isiyo na shule, jua halijawa kali. Alipita katikati ya mabani ya zamani, vile vibanda virefu vya matofali walimokuwa wakikaushia tumbaku. Siku hizi ndani yake walikuwa wanakaushia uyoga, na harufu ya uyoga ilikuwa imejaa njia nzima. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa ya mwanamke aitwaye Pelagia, lakini kila aliyemwuliza alimtaja kwa jina la Mama Kabula.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Shhh!"

Pazia likafunguka. Akatoka msichana wa kama miaka tisa, mwenye uso wa mtu aliyechoshwa na watu wasiojua adabu.

"Shikamoo. Hodi gani hiyo, mama? Kuna mgonjwa."

"Marahaba. Nisamehe. Nani anaumwa?"

"Bibi. Viatu hapo."

Tunu akavua viatu, akainama, akaingia.

Sebule ilikuwa imetiwa giza kidogo kwa kanga iliyotundikwa dirishani. Katikati, juu ya kigoda, palikuwa na Kibao. Watoto wamekaa mkekani kukizunguka, na wale waliokosa nafasi wamesimama ukutani. Kwenye kioo, Bi Nyamizi amelala chali kwenye kitanda cha kamba, blanketi hadi kidevuni, kifua kikipanda na kushuka kama Tunu alivyoandika kipande na kushuke. Mbele ya Kibao palikuwa na kikombe cha bati cha uji, juu yake kisahani cha kuzuia nzi. Kabinti kembamba kalikuwa kanakipepea Kibao kwa kipande cha boksi.

"Anafanya nini huyu?" Tunu alinong'ona.

"Limi? Anampepea. Bibi ana joto. Mguse nyuma uone."

Tunu akaweka kiganja nyuma ya Kibao. Kilikuwa cha moto kweli, kama kinavyokuwa kitu chochote kilichoachwa kimewaka siku nzima bila kupumzishwa. Alitaka kusema hivyo, akameza.

"Hamchezi?"

"Tucheze vipi na mwenyewe anaumwa?" Yule msichana wa mlangoni, ambaye ndiye Kabula, alimtazama vizuri. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Ninafanya kazi... kwake."

"Za nyumbani?"

Mvulana mmoja ukutani akacheka puani. Kabula akamtolea jicho, naye akanyamaza.

"Kwa nini hamkifungi kidogo, apumzike?" Tunu aliuliza.

Hapo watoto wote waligeuka, hata Limi akasimamisha boksi. Kabula alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyetukana kanisani.

"Ukimfunga, anabaki na nani?"

Tunu akaondoa mkono nyuma ya Kibao.

"Sisi tuna zamu," Kabula aliendelea, kwa sauti ya kumwelimisha. "Asubuhi mimi na Limi. Tukienda shule wanakaa wadogo na Mama Masele. Mchana wakina Shija. Jana Shija alisinzia, tumemtoa."

"Sikusinzia," alisema yule wa ukutani. "Nilikuwa nasali."

"Ukikoroma?"

Kicheko kikapita mkekani, cha kubanwa kwa mikono midomoni. Bi Nyamizi kwenye kioo akakohoa, na kicheko kikakatika papo hapo. Watoto wakasogea. Limi akaanza tena kupepea.

Tunu alikaa chini. Mstari mweupe sasa ulikuwa mbele yake, una macho na magoti yenye vumbi. Alikuwa ameandika ugonjwa akimfikiria mtoto anayelia, akimvuta mama nguo, akisema ninunulie Taji. Ndivyo wanavyofanya watoto wa kwenye vitabu vya biashara. Hakumfikiria mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Na alifundishwa hivyo yeye mwenyewe! Kwao Sikonge, baba yake alipolala mwezi mzima, haikupita saa bila mtu kando ya kitanda, hata kama ni mtu wa kukaa tu na kuchambua maharage. Amelisahau lini jambo hilo?

Mama Kabula aliingia kutoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Mwanamke mrefu, mwenye rozari shingoni, anayetembea bila kupiga kelele.

"Karibu, mgeni. Wamekukaripia?"

"Nimekaripiwa vya kutosha."

"Wananikaripia hata mimi ndani ya nyumba yangu. Kijiko kikigonga sufuria, naambiwa Bibi amelala." Alikaa kando yake. "Umetoka hospitali?"

"Natoka Tabora. Kampuni ya Ngano."

"Ah. Basi ni hao hao." Uso wa mama ukachangamka. "Muuguzi alisema watakuja watu. Tumewangoja."

Tunu akamgeukia. "Mama Kabula, wewe unajua kwamba Bibi huyu... ni kitu kilichotengenezwa."

"Mimi si mtoto, mwenzangu. Najua." Mama alishusha sauti ili wa mkekani wasisikie. "Walipoanza kumsalia rozari niliogopa. Nikasema, tunamkosea Mungu hapa. Nikaenda kwa katekista. Katekista akajikuna kichwa weee, mwisho akasema, waache watoto wasali, Mungu atajua mwenyewe sala hizo azipeleke wapi." Akamtazama bintiye. "Nikaona sawa. Maana huruma yao ni ya kweli, hata kama mgonjwa ni wa kioo. Leo nikimwambia Kabula amfunge Bibi aende zake akacheze, kesho nikilala mimi, atanifanyaje?"

* * *

Baada ya chakula cha mchana watu wakaanza kuja. Tunu alidhani ni majirani wa kumsalimia mgeni. Lakini walikuja wengi, wakajipanga uwani kwenye viti na magogo na ndoo zilizogeuzwa, na mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Ndalahwa, akasimama mbele akiwa amevaa koti lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye. Mama Kabula akafungua kwa sala. Kisha mwenyekiti akakohoa.

"Mgeni wetu, sisi si watu wa maneno mengi."

"Tangu lini?" akauliza mtu nyuma.

"Mama Masele, nitakutoa nje."

"Tuko nje tayari, mwenyekiti."

Walicheka, naye akacheka, akaendelea. "Mgeni, habari ya ugonjwa tuliipata kwa watoto. Muuguzi amesema matibabu yako kwenye hiyo Taji. Tukaulizia bei. Tukakaa chini, maana ilitubidi tukae. Hakuna nyumba moja hapa inayoiweza. Lakini nyumba zote kwa pamoja, hapo tukasema tujaribu. Kama tulivyofanya kwa mke wa Shagembe alipopelekwa kupasuliwa."

Mwanamke mmoja akaleta beseni lililofunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa, kile cha kufunikia sadaka. Akapiga goti, akaliweka miguuni pa Tunu.

"Uyoga wa msimu huu umo humo," alisema Bwana Ndalahwa. "Asali imo. Hata Masele na ubahili wake ametoa."

"Mimi si bahili," alisema Masele taratibu. "Mimi nina mahesabu."

"Taji ikija itakaa ukumbi wa parokia, mtoto mmoja mmoja anavaa kwa zamu. Ndivyo tulivyokubaliana. Sasa chukua, mgeni. Mpelekeeni Bibi."

Tunu hakuligusa beseni. Kule Tabora, wangeliona hili kwenye mstari gani? Wangesema Urambo imenunua Taji moja, haba, lakini mwanzo mzuri.

"Mimi nina swali moja," alisema Mama Kabula. Limi alikuwa amesimama mbele ya magoti yake. "Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Maneno yanamkwama. Shuleni wanammalizia, nyumbani tunammalizia, Mungu atusamehe, haraka zetu. Bibi peke yake ndiye anayemngoja mpaka amalize mwenyewe. Akitaka kusema maji, atangojwa mpaka aseme maji. Sasa akipona huko, atamjua Limi? Atajua kwamba huyu anangojwa?"

Swali lile halikuwa la mtego. Ni swali analouliza mtu kabla mgonjwa wake hajapandishwa gari: mtampa dawa zake, mtakumbuka kwamba hanywi maziwa?

Na Tunu alilijua jibu. Taji ilikuwa inasoma kichwa kimoja tu. Mtoto wa kwanza kuivaa ndiye angekuwa mjukuu. Wa pili angeambiwa, karibu mgeni, jina lako nani? Tena hata huyo wa kwanza asingekumbukwa. Wenye Taji walikuwa wamesema wazi mezani kwamba hawataki bibi mwenye mizigo ya watu wa Vibao. Walitaka sura yake, sauti yake na jina lake, moyoni awe mtupu. Tunu alikuwa ametikisa kichwa kukubali, akakinukuu kipengele hicho kwa mkono wake.

"Naomba nitoke kidogo," alisema. "Narudi."

Alisimama nyuma ya bani, penye kivuli, akampigia Bwana Kisanji.

"Enhe! Umeona nini huko?"

"Wanamwuguza, bwana mkubwa."

"Wanafanya nini?"

"Wamekaa naye. Kwa zamu. Wanampelekea uji. Na wazazi wamechanga, kitongoji kizima, wanunue Taji moja akatibiwe. Wameniwekea miguuni."

Kisanji akasema polepole, "Basi hata wasionacho wananunua."

"Wananunua bibi ambaye hatawajua. Kesho niweke mkono juu ya Biblia niseme hakuna hila?"

"Tulishalimaliza hilo. Kule ni mzima kweli, ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Sitaapa."

"Ataapa mwingine."

"Sheria inamtaka aliyeandika. Nimeandika mimi." Akavuta pumzi. "Nataka nibadilishe mwisho. Mashine yetu inazimwa mwisho wa mwezi kwa vyovyote. Basi afe. Afe kwao, mikononi mwao, aage vizuri. Na akifa huku, afe na kule. Asiwepo mahali popote ambapo mwenye pesa anamkuta amepona na asiye nazo anamkuta maiti."

"Tunu." Alipomwita bila udada, Tunu alijua amemuumiza. "Hawa watu hawanunui gemu. Wananunua Bi Nyamizi. Ukiwapa jina la marehemu wananunua nini? Ukiliua hilo, unaua na jengo hili. Mama Tausi wa jikoni, wachoraji wote, yule Felista aliyejifungua juzi, unawajua kwa majina. Nao wana watoto. Watoto wa kweli, si wa hadithi."

"Najua."

"Hujui. Mimi niliuza ng'ombe wa baba yangu nikaanza hii kazi. Unafikiri sina uchungu? Mjukuu wangu mwenyewe, maana Kibao cha kwangu nacho kimo kwenye majaribio, juzi amelia, anasema Bibi anakohoa. Nimembembeleza, nikamwambia usilie, atapona, tutamfuata kwenye Taji."

"Utamnunulia?"

"Nitamnunulia, ndiyo."

Upepo ulipita kwenye matundu ya bani, ukaleta harufu ya uyoga. Tunu alisikia kwenye simu kiti cha Kisanji kikilia, kama mtu aliyekaa vibaya akajirekebisha.

"Wewe utamnunulia," alisema Tunu kwa upole. "Hapo ndipo penyewe, bwana mkubwa."

Alingoja atukanwe. Hakutukanwa.

"Usinipigie tena leo," Kisanji alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mzee. "Fanya utakalofanya. Kesho nitajua kama nina kampuni au sina."

Tunu alirudi uwani. Watu walikuwa wamekaa vile vile, beseni liko vile vile. Alipiga goti, akaliinua kwa mikono miwili, akamrudishia yule mwanamke aliyelileta.

"Rudisheni kwa kila aliyetoa," alisema. "Hakuna hospitali."

Akawaeleza. Hakueleza vizuri, alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja mashine ya Tabora, akataja mkataba. Bwana Ndalahwa alikuwa amevua kofia bila kujua. Tunu alipomaliza, Mama Kabula ndiye aliyesema.

"Yaani huu ugonjwa uliandikwa."

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikaa, akashika kalamu, akasema hapa akohoe, hapa ashindwe kuinuka, watoto wamwone."

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mimi."

Mama Masele akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Mtu mmoja aliinuka akaondoka zake bila kuaga, na wa pili akamfuata. Mama Kabula hakuinuka. Alimtazama Tunu muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Limi, na Tunu hakuinamisha macho ingawa alitamani.

"Nikufukuze," alisema Mama Kabula. "Roho yangu inaniambia nikufukuze. Lakini nikikufukuza, huyo kitandani ataendelea kukohoa mpaka mwisho wa mwezi, sivyo? Halafu kioo kitakuwa cheusi, basi."

"Ndiyo."

"Basi uliyeuanza ugonjwa uumalize. Humu humu ndani, mbele ya watoto. Wao ndio wamekaa naye. Watakwambia wao aageje."

* * *

Kabula hakulia alipoambiwa. Alikunja mikono, akauliza mambo yaliyomhusu.

"Atakufa lini?"

"Leo jioni, mkiwa wote mpo. Kama mko tayari."

"Ataumia?"

"Hapana. Hilo naweza kuliandika."

"Basi andika kwanza kikohozi kiishe," alisema Kabula. "Halafu anywe uji. Tumempa siku zote hanywi."

Tunu alikaa mkekani na mashine yake ndogo mapajani, akaandika. Bi Nyamizi akaacha kukohoa. Akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mkono kando ya kitanda, akashika kikombe cha bati ambacho hakikuwapo mpaka dakika ile, akanywa, akafuta mdomo. Mkekani mtu alishusha pumzi kwa sauti.

Wakamwambia mengine. Shija alitaka Bibi aombe radhi kwa watu aliowakosea, kama alivyofanya babu yake. Mwingine akasema na sisi tumwombe, mimi niliwahi kuwaacha kuku wakala mtama wote. Mvulana mdogo kabisa alitaka kujua mbuzi wa Bibi wataachiwa nani, ikabidi aandikwe wa kuwarithi. Mama Kabula, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema neno moja tu: asiseme tutaonana, kama hujui. Tunu akalifuta alilokuwa ameliandika.

"Na asiondoke bila kutuita majina," alisema Kabula. "Mmoja mmoja. Si kwa jumla."

Huko nje majirani walikuwa wamerudi, hata wale walioondoka kwa hasira. Wakajaza mlango na dirisha. Kanga ikatolewa, mwanga wa jioni ukaingia. Simu ya Tunu ilitikisika mfukoni, ikanyamaza, ikatikisika tena. Hakuitoa.

Mahali pa mwisho pa maandishi yake palikuwa na kisanduku kidogo ambacho mashine hukitaka kijazwe kila mara: mtoto akiitwa, angojwe muda gani kabla hadithi haijaendelea? Kwa miaka yote ya kazi yake Tunu alikuwa akijaza pumzi mbili tatu, maana watoto wakingojeshwa wanachoka, wakichoka wanafunga. Alimtazama Limi, aliyekuwa bado ameshika kile kipande cha boksi. Akafuta kilichokuwamo, akakiacha kisanduku kitupu.

Kisha akaupeleka mwisho ule. Si kwenye Kibao cha nyumba ile tu, bali kwenye Vibao vyote vya nchi, pamoja na ugonjwa wake kwa wasiouona bado, na kwenye Taji ile iliyokuwa inangoja kesho. Akaweka mashine chini, akasogea, akakaa na watoto.

Bi Nyamizi alifumbua macho. Aliomba radhi. Aliombwa radhi. Aligawa mbuzi. Halafu akaanza kuita, kwa ile sauti yake ya kukwaruza waliyoizoea kila jioni.

"Shija."

"Naam, Bibi."

"Kabula."

"Abee, Bibi." Hapo ndipo Kabula alipolia, bila kukunjua mikono.

Aliita wakubwa na wadogo, kila mmoja akaitika. Hata Mama Masele, ambaye hakuwa mtoto wa mtu tena, aliitwa kwa zamu zake za asubuhi, akaitika huku akificha uso kwenye kanga.

"Limi."

Limi akafungua mdomo. Neno likakwama. Kidevu kikatetemeka, akafumba macho kwa nguvu, akajaribu tena. Shija akavuta pumzi kutaka kumsaidia, na Kabula akamwekea mkono mdomoni. Mlangoni hakuna aliyekohoa. Kwenye kioo, Bi Nyamizi alikuwa amemgeuzia uso mtoto yule, macho wazi, kifua kikipanda na kushuka polepole, kama mtu asiye na safari yoyote.

Wakangoja naye.

"A... a... abee," alisema Limi. "Abee, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bi Nyamizi, akafumba macho.